Milioni moja, njia mbili: ubishi juu ya fedha za watu wenye ulemavu Uganda

Shilingi milioni moja ya serikali inaweza kumfikia Mganda mwenye ulemavu kwa njia mbili. Ya kwanza ni Ruzuku Maalumu ya Kitaifa, ambayo hutolewa kwa kikundi cha watu 5 au zaidi, hadi milioni 5 kwa kikundi, nao hawatakiwi kuzirejesha. Ya pili ni Mpango wa Maendeleo ya Parishi (parishi ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), ambao wengi tunauita PDM, uliozinduliwa wilayani Kibuku mwezi Februari 2022. Humo kila parishi hutengewa milioni 100 kwa mwaka, asilimia 10 yake ikiwa ya watu wenye ulemavu, na anayeteuliwa hukopeshwa milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ukigawa milioni 5 kwa watu 5, kiasi ni kile kile. Kwa hiyo anayesema mfuko wa pekee umepitwa na wakati, na kwamba fedha zote zipitie parishini, hasemi jambo la kipuuzi, na wanaompinga wanapaswa kuonyesha ni nini hasa kitakachopotea.

Upande wa kuunganisha fedha una nguvu kuliko unavyopewa sifa. Ruzuku ya kikundi huwafunga pamoja watu ambao pengine hawaunganishwi na kitu chochote isipokuwa fomu: asiyeona, mwenye magongo, na mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kila mmoja akikaa kijiji chake, wanaambiwa wafuge nguruwe kwa pamoja. Nguruwe wakifa, kikundi hubaki na ugomvi wa nani alipaswa kuwalisha. Fedha za PDM, kwa upande wake, huingia moja kwa moja katika simu ya mlengwa kupitia Wendi, pochi ya kielektroniki, bila kupita mikononi mwa mwenyekiti wala mhazini. Tena kuna hoja ya msingi zaidi. Mfuko wa pekee huzipa idara nyingine kisingizio; ofisa wa kilimo anamwona mkulima kiziwi anaingia, naye anamwelekeza Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, inayosimamia mfuko huo. Wanaharakati wa ulemavu wenyewe wamepigania kwa miaka mingi kuhesabiwa katika kila mpango wa taifa, na si rahisi leo kulalamika kwamba wamehesabiwa.

Lakini twende Busia, mpakani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya biashara na ambako watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu tangu zamani. Baiskeli hiyo huendeshwa kwa mikono, mnyororo ukiwa mbele ya kifua, na mzigo hupangwa nyuma ya kiti. Ikiwa tupu, mwenyewe anaimudu. Ikibebeshwa magunia, lazima awepo kijana wa kusukuma, na kijana huyo hulipwa kila safari. Mchuuzi mwenye miguu mizima anayenunua unga ule ule kwa bei ile ile na kuuuza kwa bei ile ile hamlipi mtu huyo. Kwa asiyesikia, gharama ni mkalimani wa lugha ya ishara. Kwa mwingine ni bodaboda pale ambapo jirani yake angetembea. Riba ya asilimia 6 ni sawa kwa wote kwenye karatasi, ila mmoja anaanza kulipa deni akiwa ameshamlipa msukumaji.

Hesabu nyingine za PDM nazo zinahitaji kuangaliwa. Asilimia 10 ya milioni 100 ni milioni 10, yaani watu 10 kwa parishi kwa mwaka. Sensa ya 2014 ilikuta kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wenye umri wa miaka 2 na kuendelea wana ulemavu, kwa hiyo fungu linalotajwa kama upendeleo ni dogo kuliko idadi yao. Pia mpango mzima umejengwa juu ya kaya, kwa kuwa lengo lake ni zile asilimia 39 ya kaya za nchi ambazo zinaishi kwa kujikimu tu. Mtu mwenye ulemavu mara nyingi anaishi chini ya paa la kaka au baba, na kaka akishachukua fedha kwa fungu la vijana, kaya inaonekana imeshahudumiwa.

Shaka hii ina historia. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2006 ilimwahidi mwajiri binafsi aliyeajiri watu 10 au zaidi wenye ulemavu punguzo la asilimia 15 ya kodi. Mwaka 2009, marekebisho ya sheria ya kodi ya mapato yakaliteremsha hadi asilimia 2, kwa mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wana ulemavu. (Nikiri kwamba sharti la mwanzo lilikuwa na kasoro: kampuni kubwa ingeweza kuajiri wafagiaji 10 na kujisamehe mamilioni.) Vilevile majaribio ya SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, yaliyoanza 2010, yalikuwa na ruzuku mbili, moja ya wazee na nyingine ya kaya zisizojiweza, ambayo ilihesabu ulemavu miongoni mwa vigezo vyake. Ya wazee iliendelea. Ile nyingine ilikomeshwa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akisikia neno "kuunganisha" na kulielewa kama "kupunguza".

Hata hivyo naona wapinzani wa kuunganisha wanalinda ngome isiyofaa. Ruzuku ya vikundi na mkopo wa PDM ni ndugu: zote mbili ni mtaji, zote zinamtaka mpokeaji awe na biashara. Kinachokosekana ni fidia ya gharama ya ulemavu wenyewe, na hiyo ndiyo ahadi iliyoandikwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008. Hatua chache ng'ambo ya mpaka wa Busia, serikali ya Kenya huzilipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, bila kuuliza anafuga nini.

Hazina itajibu kwamba fedha hazipo, na jibu hilo si la mzaha. Ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21 iliwekewa umri wa miaka 80, maana chini ya hapo bajeti isingetosha. Kuainisha kiwango cha ulemavu nako kunataka madaktari, usafiri na rejista inayoaminika. Kwa hiyo malipo ya namna hiyo yangelazimika kuanza na wachache, wenye ulemavu mkubwa kabisa, na vyama vya watu wenye ulemavu vingelazimika kukubali kwamba wanachama wao wengi, pamoja na wale wenye baiskeli za Busia, wangebaki kwenye mkopo. Mimi ningekubali, mradi riba yao iondolewe. Mama wa yule mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kumwacha mwanawe akaenda kulisha nguruwe, wawe wa kikundi au wa PDM.