Kutambiana ruksa, ila msiniambie "mnyamazishe tu"

Juzi kwenye kundi letu la wacheza gemu ulizuka ubishi uliokwenda hadi usiku wa manane, na hasira yake bado ninayo. Dada mmoja tunayecheza naye, mwenye shabaha kuliko wengi wetu wenye midomo, alisema hawashi tena maiki akipangwa na watu asiowajua. Akisema tu "wawili wanakuja kushoto", kuna mtu anaachana na mechi na kuanza kumshughulikia yeye: sauti yake, mwili wake, atakachomfanya siku akimpata. Ameripoti mpaka amechoka. Wanakundi wakamjibu nini? "Hizo ni tambo tu." "Mnyamazishe, endelea na mechi," yaani abonyeze kitufe cha kutomsikia tena mtu huyo. Na mmoja, ambaye nimewahi kumsikia akilalamika mechi nzima kwa sababu kaitwa kipofu, akahitimisha kwamba gemu si za wenye mioyo laini.

Haya. Niseme msimamo wangu mapema, ili wanaotaka kunishambulia wajue pa kulenga. Sitaki tambo ziadhibiwe. Nazipenda. Mechi ambayo hakuna aliyekuahidi kipigo kabla haijaanza, wala wa kukukumbusha kipigo hicho ikiisha, naona bora nikalale. Ukinifunga matano una haki ya kunicheka mpaka tutakaporudiana. Nikimkosa adui aliyesimama palepale kama mlingoti, niite kipofu, nimeitafuta mwenyewe.

Na hata ukitaka kuzikomesha, utazikomeshaje? Hearthstone, ile gemu ya karata ya kampuni ya Blizzard, waliwanyima wapinzani nafasi ya kuandikiana, wakawaachia vijineno vichache, vingi vya adabu: salamu, asante, samahani. Watu wakaichukua hiyo "samahani" wakaifanya silaha. Mtu anakumaliza polepole huku anakuomba radhi, samahani, samahani, samahani, mpaka unatamani kuvunja skrini. Mwaka 2016 Blizzard wakaiondoa na kuweka neno la mshangao badala yake, na huo mshangao nao ukageuzwa kejeli. Wa Rocket League, ile gemu ya magari yanayocheza mpira, wanajua ile pongezi ya kuokoa goli hutumwa lini: pale mpira unapokupita peupe ukaingia wavuni, na haitumwi mara moja. Kwenye gemu za risasi hata neno halihitajiki, mtu anachuchumaa na kuinuka juu ya maiti yako na ujumbe umefika. Mwachie binadamu ishara moja tu, atakubeza nayo.

Nilichokipenda ni walichofanya Overwatch, gemu ya risasi ya haohao Blizzard, mwaka huohuo. Ukiandika "gg ez" (yaani "mchezo mzuri, ulikuwa rahisi", kwa kejeli) baada ya kushinda, mfumo ulikuwa unaifuta na kuweka sentensi ya kukuaibisha wewe mwenyewe, mojawapo ikiwa ya mtoto anayekiri kwamba muda wake wa kulala umepita na kuomba mama yake asiambiwe. Hakuna aliyefungiwa akaunti. Gemu ilikutambia wewe uliyekuja kutamba. Adhabu za namna hiyo nitazipigia makofi siku zote.

Ila kile alichokisema yule dada hakiko kwenye hesabu hii, na hao waliomjibu wanajua hivyo. Kipimo changu ni kifupi. Toa tukio la mchezo kwenye sentensi, halafu tazama kinachobaki. "Umemkosa mtu aliyesimama": toa kule kukosa, hakuna kitu. Sasa mwambie mtu arudi jikoni. Awe amekosa risasi zote au ameangusha timu nzima peke yake, sentensi iko vilevile, haikuwa inaongelea mechi tangu mwanzo. Ni hivyohivyo kwa rangi ya mtu, dini yake, ulemavu wake, na kwa kumtakia mtu ajiue, jambo ambalo baadhi yenu mnaliandika kwa wepesi kama mnaomba kupitishiwa chumvi.

Na msiniambie kwamba mpaka kati ya tambo na udhalilishaji hauwezi kuchorwa. Umechorwa zamani. Microsoft, mwaka 2019, walitoa mwongozo wa Xbox wenye mifano kabisa: kumponda mtu kwa shabaha yake mbovu, sawa, kuleta ngono, vitisho au asili ya mtu, hapana. Call of Duty walipoanza mwaka 2023 kutumia ToxMod, ile programu inayosikiliza maongezi ya wachezaji, walieleza waziwazi kwamba kanuni zao zinaruhusu tambo na utani, na kwamba wanachokamata ni chuki, ubaguzi na udhalilishaji wa kijinsia. Kwa hiyo wale wanaopiga kelele kwamba "wanataka tucheze kama tuko msibani", nani amewaambia? Onyesheni.

Sasa tuje kwa hili la "mnyamazishe tu", maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Anayetoa ushauri huu ama hajawahi kuufuata mechi nzima ama anajifanya hajui gemu za timu zinavyochezwa. Chukua Counter-Strike au Valorant, watano kwa watano. Nusu ya mchezo iko masikioni. Nani kasikia nyayo, adui gani kabakiza nguvu kidogo, nani katupa moshi, bomu linapandwa upande gani, raundi ijayo tununue au tubane pesa. Mwenzako akiona mtu anachungulia kwenye kona, ana sekunde moja au mbili za kukwambia kabla hujapasuliwa kichwa. Na anayekutukana mara nyingi ni wa timu yako, kwa sababu wa upande wa pili humsikii. Kwa hiyo ukimnyamazisha, umezima na habari zake. Akidakia rafiki yake waliyeingia pamoja, naye unamzima. Halafu, ili mambo yasianze upya kwenye mechi inayofuata, unazima na maiki yako mwenyewe. Sasa timu ina watu watano, nawe unasikia habari za watu wawili tu. Mkishindwa, nani atalaumiwa? Yule aliyekaa kimya. Ataambiwa hashirikiani na timu. Ataripotiwa! Na pointi zake za daraja zitashuka kama za kila mtu, tofauti ni kwamba yeye alicheza akiwa amefungwa mdomo na masikio.

Adhabu ipo tayari, jamani. Tunakesha kubishana kama matusi yaadhibiwe wakati adhabu inatolewa kila siku, kila seva, na anayeitumikia ni aliyetukanwa. Kanyang'anywa maiki, kanyang'anywa habari, kashushwa daraja. Aliyetukana yuko kwenye mechi nyingine muda huu, maiki iko wazi, sauti iko juu, na ana wageni wapya wa kuwatukana.

Isitoshe, unamnyamazisha mtu baada ya kumsikia. Kitufe cha kufuta kilichokwisha kuingia sikioni hakijatengenezwa. Na kesho yule dada atapangwa na wageni wengine, aanze tena: asikie, abonyeze, asikie, abonyeze. Kazi yote iko kwake. Mwenzake kazi yake ni kufungua mdomo tu.

Najua yupo atakayeniletea Muhammad Ali, kwamba mfalme wa tambo alikuwa anatutukana wote na tulimpenda. Kweli alikuwa mfalme. Alikuwa anakutajia kwa mashairi raundi atakayokuangusha, halafu anakwenda kujaribu kuitimiza. Lakini huyohuyo, kuelekea pambano la Manila mwaka 1975, alimwita Joe Frazier sokwe, akarudia mbele ya kamera mpaka watu wakazoea kucheka. Frazier alikaa na kinyongo hicho miaka mingi sana. Na huyu ni Frazier aliyesimama na Ali raundi 15 mwaka 1971, akamwangusha na kumshinda. Nendeni mkamwambie yeye habari za mioyo laini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuadhibu kuna vituko vyake. Kitufe cha kuripoti kimegeuka kitufe cha kufutia machozi. Mtu akifungwa, anaripoti timu nzima kisha anakwenda kunywa maji. Machujio ya maneno ndiyo vichekesho kabisa: yametengenezwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anaomba "nigawie risasi" anawekewa nyota kwa kuwa herufi zake za mwanzo zinafanana na tusi la ubaguzi la Kiingereza, huku matusi ya nguoni ya Kiswahili yanapita kama salamu. Na hiyo habari ya mashine kusikiliza maongezi yangu siipendi hata kidogo, hata kama wanasema ikishadaka kitu uamuzi wa kuadhibu hauachiwi yenyewe. Nikiulizwa nichague kati ya hiyo mashine na hali ya sasa, nitaichagua nikiwa nimenuna.

Ndiyo maana sitaki akaunti zifungwe ovyo. Kwenye gemu za bure ukimfungia mtu asubuhi, mchana ana akaunti nyingine na hasira mpya. Chukua maiki. Mwache acheze, mwache asikie wenzake, lakini asiseme wala kuandika kwa wiki, na akirudia, kwa mwezi. Aonje kuona adui kwenye kona akashindwa kumwambia mtu. Na aonyeshwe alichosema, neno kwa neno. Riot, kampuni ya League of Legends, walijaribu kitu cha kibinadamu zaidi enzi za Tribunal, mahakama ya wachezaji wa gemu hiyo, kuanzia 2011: wachezaji wenyewe walisoma maandishi ya mtuhumiwa, wakapiga kura. Waliifunga 2014, na mimi ni mmoja wa waliosikitika, maana mchezaji anatofautisha tambo na udhalilishaji kwa kusoma mistari mitatu, kitu ambacho chujio haliwezi. Xbox nao tangu 2023 wana alama nane: makosa yanaziongeza, zikifika nane unakaa nje ya mambo ya kuchangamana mwaka mzima, na kila alama inafutika baada ya miezi sita. Mtu mwenye akili ana nafasi ya kutosha kujirekebisha kabla hazijafika nane. Zaidi ya hapo mnataka abembelezwe?

Lakini kampuni ziko mbali, na sisi tuko ndani ya mechi. Kwenye timu ya watano, akitukana mmoja na akitukanwa mmoja, wanabaki watatu. Hao watatu ndio sisi, wengi wetu. Hatutukani. Tunakohoa, tunajifanya tunachagua bunduki, tunasubiri raundi ianze ili yapite. Kwenye Valorant muda wa kununua silaha kabla ya raundi kwa kawaida ni sekunde 30. "Kaka, muache, tucheze" inasemwa kwa sekunde mbili.