Kodi Imenirudisha JKT

Jamani, mimi JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nilikwenda mwaka 2013, kundi la mujibu wa sheria, yaani la lazima, serikali ilipourudisha ule utaratibu uliosimama tangu 1994. Nikala vumbi miezi mitatu, viwiko vikachubuka, nikatoka nikijua kutambaa basi tena. Kumbe!

Sasa nadaiwa kodi, miezi mitatu vilevile. Na mama mwenye nyumba, magharibi ikiingia tu, anatandika mkeka katikati ya uwanja na ungo wake wa mchele. Chumba changu kiko kule mwisho, mkabala na choo. Kinga pekee ni safu ya madumu ya maji ya wapangaji.

Kutambaa kwa viwiko na magoti ndiko kwa haraka, lakini dumu la lita 20 unalijua urefu wake. Mgongo wote nje! Hapo ni tumbo tu: shavu chini, mkono mmoja unavuta, mguu mmoja unasukuma, unasogea shibiri moja kisha unatulia. Afande alikuwa akitupigia kelele, "Kuruta, kisigino!" maana mtu anaficha kichwa vizuri kabisa, kisigino kimesimama kama bendera. Na bunduki inalazwa juu ya mkono, mtutu usile mchanga. Bunduki yangu mimi ni mfuko wa chipsi mayai. Nao nimeulaza hivyohivyo.

Tena husogei ovyo, unasogea na kelele. Bodaboda ikipita, twende. Ikishapita, wewe ni gogo. Jana nilibahatika, jirani kafungulia taarabu hadi kuta zinatetemeka, nikateleza mpaka dumu la sita bila kupumzika. Umeme ukakatika.

Kimya! Nasikia mchele ukipepetwa, nasikia na tumbo langu. Mara kitu kinanipumulia usoni: mtoto wa mpangaji wa chumba cha tatu, ana miezi tisa, naye anatambaa. Kanitazama, kacheka, kachomoa chipsi moja. Hata ketchapu kajipaka mwenyewe.

Tochi ya simu ikatua mgongoni.

"Kuruta," sauti ya mama ikasema, taratibu, "kisigino."

"Mama, shikamoo..."

"Nimesema kisigino. Unadhani sisi wa mwaka 1986 tulikuwa tunakwenda kule kupika?"

Nikakishusha. Nikamalizia madumu yaliyobaki kwa tumbo, yeye akitembea pembeni, mtoto kiunoni, mfuko wangu wa chipsi mkononi.