Coaker hakuwauza wavuvi wake

Lawama inayomwandama William Coaker, mwanasiasa wa Newfoundland, kisiwa ambacho sasa ni sehemu ya Kanada lakini wakati huo kilikuwa na serikali yake, ni kwamba aliwainua wavuvi kisha akawauza. Wanaoitoa wana hoja. Mwaka 1918, akiwa ndani ya serikali ya vita, aliunga mkono vijana kuandikishwa jeshini kwa lazima, huku wanachama wake wa kaskazini wakimsihi akatae. Uvuvi wao ulikuwa kazi ya familia: mtoto akichukuliwa, mashua inabaki ufukweni. Tena chama, gazeti na kampuni ya biashara vyote vilikuwa mkononi mwake, na aliyempinga hakuwa na pa kusemea.

Nayakubali hayo. Lakini hukumu hiyo inasahau wavuvi walikuwa wapi kabla yake. Waliishi kwa mali kauli. Majira ya kuchipua tajiri alimkopesha mvuvi unga, chumvi na nyavu. Msimu ukiisha alichukua chewa waliokaushwa kwa chumvi. Bei ya unga aliipanga yeye, na bei ya samaki aliipanga yeye. Mtu aliweza kuvua miaka na miaka bila kushika fedha taslimu. Coaker aliujua mchezo huo kutoka ndani, kwa kuwa akiwa kijana alikuwa karani wa duka la aina hiyo. Chama cha Kuwalinda Wavuvi alichokianzisha katika kijiji cha Herring Neck mwaka 1908 na watu 19 kilikuwa na zaidi ya 20,000 mwaka 1914, na maduka yake yalilipa kwa fedha.

Majira ya kuchipua ya mwaka huohuo wawindaji 132 wa sili, wanyama wa baharini, waliachwa juu ya barafu katikati ya dhoruba, na 78 walikufa. Meli yao ilikuwa imeng'olewa mtambo wa simu ya upepo kwa sababu wenye meli hawakuona faida yake. Coaker alikuwa kwenye meli nyingine msimu huo, na hakuna aliyedai kwa nguvu kuliko yeye kwamba wahusika wawajibishwe.

Kuhusu jeshi, tukumbuke vita vya Beaumont-Hamel, Ufaransa. Tarehe 1 Julai 1916 watu wapatao 800 wa kikosi cha kisiwa walishambulia; kesho yake walioitika majina walikuwa 68. Kikosi kilihitaji watu. Naona Coaker alikosea kutowasikiliza wanachama wake, ila sioni alichojinufaisha nacho. Vita vikaisha Novemba 1918, kabla walioandikishwa kwa lazima hawajafika mstari wa mbele. Na katika uchaguzi wa 1919 wavuvi hao wanaosemekana kuuzwa walikipa chama chake viti 11, wakati mwaka 1913 kilikuwa na 8.

Kipimo cha haki ni kanuni za kuuza samaki nje alizoweka 1920, alipokuwa Waziri wa Bahari na Uvuvi. Bei ilikuwa inaporomoka baada ya vita. Italia ilikuwa imekusanya ununuzi wake mikononi mwa chombo kimoja, ilhali wauzaji wa Newfoundland walipeleka samaki sokoni kila mtu kivyake, wakishushiana bei. Coaker aliweka bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, na asiyeifuata asipewe kibali. Baadhi ya wauzaji walizikwepa kanuni, serikali ikasita kuwabana, na mapema 1921 zikafutwa. Hasara ilishuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mvuvi, maana tajiri aliyebanwa Naples, bandari ya Italia, alifidia ufukweni kwa bei aliyompa mvuvi. Mwaka 1936 ikaundwa Bodi ya Uvuvi yenye mamlaka juu ya usafirishaji, na 1947 wauzaji wakaunganishwa katika kampuni moja. Kwa hiyo lililoitwa udikteta wa Coaker lilikuja kuwa sera, baada ya miaka ya njaa ambayo si lazima ingekuwa mibaya kiasi kile.

Nisiloweza kumtetea ni la baadaye. Akiwa amechoshwa na wanasiasa, katikati ya miaka ya 1920 alianza kupendekeza nchi iongozwe na tume badala ya vyama. Naelewa uchungu wa mtu aliyeona sheria yake ikiachwa ife na serikali yake mwenyewe. Lakini mwaka 1934 tume ilikuja kweli, gavana na makamishna sita walioteuliwa, na wavuvi aliowafundisha nguvu ya kura wakakaa hadi 1946 bila kumchagua mjumbe wa taifa hata mmoja.