Saa ya kizamani na mdomo wa mwizi wa korosho

Nyie mliokutana na mimi wiki hii mdomo umevimba, msiniulize tena, naeleza mara moja tu hapa af yaishe.

Mimi nina ugonjwa wa saa. Ninayo Seiko 5 yangu niliyoipata mtumbani, uso mweupe pee, mishale inang'aa, haina shida yoyote. Shida ni mjomba wangu. Na yeye ana Seiko 5, ila ya kwake ni ya miaka ya 70, kaivaa shambani Newala msimu kwa msimu, jua limeipiga mpaka uso uliokuwa mweusi umekuwa kahawia, na ile rangi ya kuwaka gizani kwenye mishale imegeuka njano kama samli. Sasa wakusanya saa huko Ulaya na Marekani uso ukishaungua hivyo wanauita wa tropiko, na zile saa za miaka ya 50 na 60 zenye huo uso zinaweza kuuzwa ghali kuliko ambazo hazijaharibika. Yaani wanalipia jua! Jua hili hili ambalo mimi Mtwara nalikimbia bure kila siku saa saba mchana.

Nikamwomba mjomba tubadilishane, akacheka, "Hili kopo? Ngoja hela ya mnada wa korosho iingie, nalifanyia mpango."

Basi nikasema yangu naizeesha mwenyewe.

Jumamosi nikaenda kwa bibi Mikindani, nikakaa barazani na sinia, nikafungua mfuniko wa nyuma nikatoa mashine, mishale nikaing'oa kwa vijiko viwili vya chai huku nimetanguliza kipande cha nailoni chini ili nisichubue uso (hapo nilijiona fundi haswa). Mshale wa saa na wa dakika ikatoka kwa mpigo, wa sekunde uliokuwa juu yake ukaruka. Ukadondoka uani, mwembamba kama unywele, unameta mchangani, na kabla sijanyoosha mkono kuku wa bibi akaudonoa, akameza, akaniangalia. Sikusema kitu. Ningesema ningeambiwa ninunue kuku.

Uso nikauloweka kwenye chai ya rangi nzito, maana niliona video jamaa anafanya hivyo. Nusu saa nzima, umetoka mweupe vilevile! Kumbe ule uso ni bati la shaba limepigwa rangi af juu yake vanishi, chai inateleza tu kama maji kwenye jani la magimbi. Mishale nayo nikaipitishia msasa kidogo nikaitia kwenye siki na chumvi, nikitaka kahawia, ikatoka na ukijani kijani kama sinia la shaba lililosahaulika stoo.

Hapo ndo shetani akanigeuza shingo nimwangalie bibi. Alikuwa anachoma korosho kwenye lile bati lake lenye matundu, maganda yanafoka, moshi mweusi, mafuta yanachuruzika pembeni mazito kama molasi. Mafuta ya ganda la korosho kila mtoto wa kusini anayajua, yanababua ngozi na yakishika nguo hayatoki. Sasa mimi akili yangu ikasikia la pili tu, HAYATOKI. Nikakinga kwenye kifuniko cha soda, yakapoa, nikachukua kijiti cha kuchokolea meno nikaanza kupaka kutoka ukingoni kwenda katikati, taratibu, na jamani ilipendeza! Kahawia yenyewe kabisa, ukingoni imekolea katikati imefifia, mjomba mwenyewe haoni ndani. Na kila nikihitaji mikono miwili kuugeuza uso, kijiti nakibana mdomoni.

Naona mshaelewa.

Jumapili asubuhi vanishi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa, nilipoigusa ikaondoka na maandishi yake, imebaki ile 5 peke yake. Jumatatu ikawa zamu ya mdomo. Mweusi, umevimba, ngozi inabanduka. Na kwetu huku mdomo ukiwa hivyo maana yake ni moja tu, umeng'ata korosho mbichi na ganda lake, na anayeng'ata hivyo ni mtoto aliyeingia shamba la watu.

Bibi akaniangalia weee. "Mume wangu, ntu nzima unaiba nkorosho?"

Nikamwambia bibi sijaiba, nilikuwa naizeesha saa, ilikuwa mpya nikataka ionekane kuukuu. Akanyamaza. Af akasema, "Bora useme umeiba."

Jumanne nikavaa barakoa nikaenda kwa fundi saa mjini. Akaweka lenzi jichoni, akaugeuza ule uso, akaunusa. "Hii iliangukia kwenye mchuzi?" Nikamwambia achana na hayo, nitafutie uso wowote wa kizamani, uliopauka, wa kahawia, nalipa.

"Umechelewa siku moja," akasema. "Jana kuna mzee kaja na Seiko 5 ya hivyo hivyo, hela yake ya korosho imeingia, kasema toa uchafu huu niwekee mpya. Nimempa mweupe, kafurahi huyo."

Roho ikanipasuka. Na ule wa zamani uko wapi? Akafungua kopo la siagi akanionyesha. Alishaukwangua wote kwa asetoni na msasa, bati tupu, dogo wake anajifunzia kupaka rangi.

Nikashusha barakoa nipate hewa. Wakati huo huo mlangoni kaingia mjomba, mkono kaunyanyua makusudi saa inametameta, anacheka, anataka nimsifie. Kicheko kikakatikia njiani. Akainama akauangalia mdomo wangu kwa karibu.

"Mjomba," akasema, "niambie tu sio shamba langu."