Kabla ya jipsam, muulize anayepika

Jamani wana Mwanza, hivi kwa nini mtu akipata hela ya ukarabati lazima aanzie sebuleni? Mi ni fundi, nazunguka Nyakato, Igoma, mpaka Mabatini kule juu kwenye mawe, na karibu kila kazi naongea na baba mwenye nyumba, anataka dari ya jipsam yenye taa za rangi, marumaru mpya na geti la kutambia majirani, ukimuuliza jikoni je, anakwambia we paka rangi tu. Sasa ingia huko jikoni, kidirisha kama cha mahabusu, mkaa unafuka, sinki hakuna, sato anaparuliwa nje chini mama kainama na mtoto mgongoni, halafu maji ya shombo ayabebe tena akamwage.

Simtanki ndo usiseme. Linawekwa getini kwa sababu bomba limeishia hapo, nyumba iko mlimani, ndoo zinapandishwa ngazi za mawe, na anayepandisha siyo aliyechagua pa kuliweka! Jenga mnara nyuma ya jiko, funga pampu ndogo, maji yashuke yenyewe hadi kwenye karo la kusimama, chemba pembeni, basi.

Kule Ujerumani waliliwaza hili zamani. Mwaka 1926 kule Frankfurt mbunifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la kupunguza hatua za mpishi, na mlango wa kusukuma pembeni ili mama akiwa anapika awaone watoto chumba cha pili, yakafungwa majiko kama 10,000. Ila lile jiko mi nisingemjengea mtu huku, lilikuwa dogo, la mtu mmoja, na sisi jikoni kuna mama, dada wa kazi, na bibi kwenye kigoda anachambua dagaa.

Halafu wagonjwa. Mama mkwe akipata kiharusi analetwa mjini awe karibu na kliniki ya hospitali ya Bugando, choo kina kizingiti, mlango mwembamba kiti cha magurudumu hakipiti, na anayemnyanyua kila siku ni mkwe mwenye mgongo wake mmoja. Mlango wa sentimita 90, sakafu isiyoteleza, chuma cha kushikia ukutani. Hivyo tu.

Siku hizi kabla sijapiga bei naomba mama awepo, na dada pia, maana yeye ndo anajua panapovuja. Kuna mababa wananuna, eti fundi unaingilia mambo ya ndani. Sawa tu, jipsam ntafunga mwisho hela ikibaki.