Chukudu Ifike Ziwani

Jumatatu asubuhi nilikuta nguzo tatu za zege zimesimikwa kwenye mdomo wa kijia chetu kinachoshuka Ziwa Kivu, huku mtaa wa Himbi, mjini Goma. Saruji ilikuwa mbichi bado, na mtu alikuwa ameikanyaga, alama ya kandambili imebaki. Mlinzi alikuwa akimweleza mzee mmoja, kwa heshima: "Papa, kwa miguu unapita. Chukudu hapana, pikipiki hapana."

Mzee hakubisha. Aliilaza chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma mizigo, kando ya ukuta, akafungua kamba, akaanza kushuka na bidoni, yaani madumu ya maji, mbili mbili.

Bidoni zake ni 12, za lita 20. Kutoka kwenye nguzo hadi majini ni kama mita 80 za mawe ya lava, yale makali tunayoyajua. Hizo ni safari sita, kwenda na kurudi, karibu kilometa nzima, na nusu yake ana kilo 40 mikononi. Mpaka Jumapili chukudu ilikuwa inafika majini kabisa. Alikuwa anajaza, anafunga, vijana wawili wanamsaidia kusukuma mlima, basi.

Wenye nguzo wanasema njia haijafungwa. Mimi nasema imefungwa. Anayeteremka mikono mitupu anakwenda kuoga au kupunga upepo, na ni haki yake. Lakini anayekuja na chukudu anabeba maji ya nyumba nane, kumi, za avenyu nzima. Ukimzuilia chombo chake umezizuia nyumba zote hizo. Baada ya lava ya volkano Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 kuharibu tangi na mabomba, watu wapatao nusu milioni walibaki bila maji mjini, na ni ziwa lililotunywesha. Hata leo bomba likikauka hatuna pengine pa kukimbilia.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Pale chini majini huwa anakaa kijana mwenye sindano ya klorini. Anavuta dawa kutoka kwenye chupa, anainyanyua machoni aipime, anaimimina ndani ya bidoni, kisha anasema: "Mama, ungoje nusu saa ndiyo unywe." Bidoni baada ya bidoni, tangu alfajiri. Jumanne wasukuma chukudu watatu hawakufika kwake. Niliwafuata. Walikwenda kuchota mbele kidogo, mahali chukudu inapofika, karibu na mfereji unaoshusha maji machafu ya mtaa. Hapo hakuna mwenye sindano. Na sisi wa Goma tusiogope kipindupindu? Mwaka 1994 kiliua maelfu kwa maelfu kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda hapa kwetu katika wiki chache. Walioona malori ya maiti bado wako hai, tunaishi nao.

Nimeambiwa mwenye parseli, kile kiwanja cha nguzo, ana karatasi zake. Awe nazo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Karatasi inampa mtu haki ya kuutumia, haimpi ziwa. Na Katiba, kifungu cha 48, inataja haki ya kupata maji safi. Januari 2002 lava ilikata mji katikati, ikaingia ziwani na kuongeza nchi kavu ambayo jana yake ilikuwa maji. Hakuna aliyeununua ule ufuko kwa babu yake.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba motari wanaoingiza pikipiki majini kuziosha wanakosea. Mafuta yao tunayanywa. Niliwahi kumwambia mmoja hivyo, akanitukana. Basi wazuiwe hao, nguzo zishushwe hadi hatua chache kabla ya maji. Sitalalamika.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Siku nyingine ikitokea mbele ya mtaa wetu, gari la wagonjwa litapita wapi?

Alhamisi mzee alikuja na bidoni 6. Nilimwuliza nyingine ziko wapi.

"Nimeziacha, mwanangu. Mabega yamekataa."

Nyumba zilizokuwa zikipata maji ya hizo 6 nazijua. Moja ina mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, na mume wake yuko mbali. Jioni hiyo nilimpelekea bidoni moja, mkono kwa mkono na mwanangu. Tulipumzika mara nne njiani. Kesho asubuhi nitakuwa kwa shefu wa avenyu, na wenye chukudu wamesema watakuja nazo.