Mfundishe bondia kupokea ngumi kabla ya kumfundisha mapigo marefu

Pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974 bado linasimuliwa vibaya. Husemwa kuwa Muhammad Ali aliegemea kamba akamwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kana kwamba siri yake ilikuwa ugumu wa mwili. Tazama tena picha za pambano lenyewe. Kamba zilikuwa zimelegea, na Ali alizitumia kurudisha kichwa na kifua nyuma kila konde lilipokuja, mikono imefunika uso, viwiko vimebana mbavu. Walipokumbatiana alimkandamiza Foreman shingo. Makonde mengi ya kichwani yalimfikia yakiwa yamekwisha nguvu, ingawa ya mwilini aliyala kwelikweli. Raundi ya nane Foreman, aliyeingia ulingoni akiwa ameshinda mapambano yote 40, akaangushwa.

Simulizi hiyo potofu inaumiza vijana wetu. Anayekula ngumi asianguke husifiwa kuwa mgumu, na somo la kujilinda linaishia kwenye kelele moja ya kocha: "Mikono juu!" Naona kosa liko hapo. Ngumi utapigwa tu, hata ukiwa mwepesi namna gani, kwa hiyo kuipunguza ile iliyokwisha kufika ni ujuzi wa kufundishwa wiki za mwanzo.

Fundi aliye juu ya jukwaa akirushiwa tofali hakazi mikono. Huirudisha pamoja na tofali mpaka mwendo wake uishe. Kichwa kinapaswa kufanya vivyo hivyo. Kinachomzimisha bondia ni kichwa kuzungushwa ghafla na ubongo kuchelewa kukifuata. Kichwa kikianza kwenda upande uleule ngumi inakoelekea, mshindo unagawanyika kwenye muda mrefu zaidi. Kikienda kinyume, kasi mbili zinajumlishwa, na hata ngumi ya kawaida inaangusha mtu.

Tuseme unasimama mguu wa kushoto mbele. Mpinzani akirusha ngumi ya kunyooka kwa mkono wa kulia, zungusha kiuno kwenda kulia, uzito uhamie mguu wa nyuma, bega la kushoto lipande lifunike kidevu. Ngumi itaparuza bega na kupita. Kiganja cha kulia kibaki shavuni wakati wote, maana baada ya mkono wa kulia mara nyingi hufuata wa kushoto wa kuzungusha, nao unakuja upande uleule uliohamia. Wengi hulala hapo: wamekwepa ya kwanza vizuri, mkono umeshuka, ya pili inawakuta shavu tupu. Ukirushiwa hiyo ya kushoto, geuka nayo kwenda kushoto, uzito uende mguu wa mbele. Faida yake ni kwamba kila mgeuko unakuacha umejikunja tayari kujibu: ukiwa kulia unarudisha mkono wa kulia, ukiwa kushoto unarudisha wa kushoto. Bondia Mmarekani Floyd Mayweather alijijengea jina kwa bega hilo, ila usimwige kushusha mkono wa mbele kabla hujaweza mengine. Tena dhidi ya bondia wa mkono wa kushoto bega hilo hupungua kazi, kwa kuwa ngumi yake nzito hutokea upande wa pili.

Ukizuia kwa glovu, iguse kichwa kabisa, kama mtu anayesikiliza simu. Ukiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya glovu na sikio, utapigwa na glovu yako mwenyewe. Jebu, yaani ngumi ya haraka ya kunyooka ya mkono wa mbele, ipokee kwa kiganja cha nyuma karibu na uso. Ukiifuata mbele, mpinzani mwerevu atakuhadaa kwa jebu ya uongo na kupita palipobaki wazi. Kwa ngumi za mwili, shusha kiwiko kwa kupinda kiuno, mkono ubaki juu, kaza tumbo na toa pumzi fupi kwa nguvu. Upande wa kulia chini ya mbavu ndiko liko ini. Hapo ugumu haumsaidii mtu.

Kidevu kiinamishwe kidogo, meno yaume kinga ya meno, mdomo ufungwe. Taya lililoachama huvunjika kwa urahisi. Shingo nayo ifanyiwe mazoezi kama misuli mingine.

Kofia ya kinga isikudanganye. Inapunguza michaniko, lakini haizuii kichwa kuzunguka, na mabondia wa kiume kwenye Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila hiyo. Gharama ya kichwa kilichoumia tunaijua hapa Afrika Mashariki: Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 baada ya kuumia kichwa ulingoni.

Zoezi lenyewe halihitaji pesa. Watu wawili, glovu za aunsi 16, raundi tatu za dakika mbili. Mmoja anaweka ngumi polepole shavuni kwa mwenzake kisha anaisukuma. Anayepokea haizuii wala haikwepi, anakwenda nayo kwa kiuno na magoti, miguu haivukani. Wiki ya kwanza kasi iwe ndogo kiasi kwamba mnaweza kuongea. Wiki ya pili changanya ngumi za uongo, kwa kuwa kosa kubwa la anayejifunza ni kugeuka mapema: anageukia hewa, anarudi katikati, ngumi ya kweli inamkuta akiiendea. Tiba yake ni kuangalia kifua na mabega ya mpinzani, si glovu zake. Wiki ya tatu kila mgeuko ufuatwe na ngumi moja ya kujibu.

Kocha asimame mahali anapoona macho ya anayepokea. Akianza kufumba, au kurudi nyuma kidevu kikiwa juu na miguu imebanana, punguzeni kasi palepale. Bado anaogopa, na mtu anayefumba macho hawezi kujua ngumi inaelekea upande gani.